Chupa Tano Zisizo na Lebo

Jumanne, 4 Machi

Mkuu wa shule ametangaza leo. Idara ya Sayansi itapata kiongozi. Hatimaye!

Mkaguzi wa maabara anakuja Jumanne ijayo. Maabara yetu mpya ikipita, wanafunzi wa kidato cha nne watafanyia hapa hapa mitihani yao ya vitendo. Isipopita, inatiwa kufuli. Na mwalimu atakayeng'ara mbele ya Mkaguzi ndiye atakayekabidhiwa idara. Mkuu hakusema hivyo moja kwa moja. Alisema tu kwamba siku hiyo atatazama nani anaijua kazi yake. Mimi si mtoto. Nimeelewa.

Tunaogombea ni wawili. Mimi, Kemia. Na yeye, Fizikia. Ofisi nzima inamwita hivyo kwa jina la somo lake, naye huitika kwa bashasha. Mashati yake hayana kunjo. Hajachelewa hata siku moja tangu nimfahamu. Wanafunzi wanampenda, wapishi wanampenda, hata Mkuu akimwona anapunguza ukali wa sauti. Mtu wa hivyo anatia mashaka.

Na kana kwamba hiyo haitoshi, funguo za maabara nzima amepewa yeye hadi ukaguzi upite. Kabati la kemikali mikononi mwa mtu wa springi na balbu! Nilimfuata Mkuu nikamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba kemikali ni himaya yangu. Akanijibu kwamba funguo zilipokuwa kwangu nilizipoteza, na mlango ukavunjwa mara mbili. Ana kumbukumbu ya ajabu kwa mambo madogo.

Mke wangu amenisikiliza huku akikata kitambaa cha mteja. Yeye ni fundi cherehani, mikasi haipumziki hata nikiwa na uchungu. Amesema nifundishe vizuri tu, idara itakuja yenyewe. Maskini mke wangu. Ana roho safi, dunia haijui.

Nimepata wazo. Wazo kubwa mno! Nimeshindwa kumaliza chakula.

Jumatano, 5 Machi

Limefanyika.

Wazo lenyewe ni hili. Kabatini kuna chupa tano za kioo cha rangi ya kahawia, zote saizi moja, za vimiminika vitakavyotumika kwenye ukaguzi: maji safi ya maabara, ethanoli, asetoni, heksani, gliserini. Ukizing'oa lebo, hakuna mwanafizikia duniani atakayezitambua kwa kuzitazama. Mkaguzi anauliza: hii ni nini? Fizikia anameza mate. Mkuu anakunja uso. Ndipo mimi nasogea taratibu, natazama chini ya chupa nilipoandika herufi yangu ya siri, nazitaja moja baada ya nyingine kwa sauti ya mtu aliyezaliwa nazo. Idara yangu.

Utekelezaji ulikuwa mgumu kidogo. Fizikia aligoma kutoka maabara baada ya masomo. Anapanga, anafuta, anapanga tena. Nikamsubiri nje chini ya dirisha. Mvua ikanyesha. Nikaendelea kumsubiri. Alipotoka nilikuwa nimelowa chapachapa, nikamwambia nimesahau miwani ndani. Akanipa funguo papo hapo, akaniambia nikimaliza nimwachie mlinzi, akanipa na mwavuli wake. Bila hata swali moja! Mtu mwepesi kuamini hivyo anawezaje kuongoza idara?

Gundi ya zile lebo si mchezo. Kwa bahati nilikuwa nimejiandaa. Shemeji, mdogo wake mke wangu, alisahau kwetu dawa yake ya kutolea rangi ya kucha. Nikaitia kwenye kitambaa, nikasugua, gundi ikasalimu amri. Chupa yake nzima imekwisha, lakini vita ina gharama zake.

Kisha nikachukua kalamu nene ya wino, ile isiyofutika kwa maji, nikaandika chini ya kila chupa herufi yake. Nikazichanganya zisikae kwenye mpangilio wa zamani. Ili zisikwaruze trei, nikatandika kile kitambaa nilichosugulia na kuzisimamisha juu yake. Mimi ni mtu wa usafi. Lebo nikazitupa kwenye kapu la taka la ofisi ya walimu, chini kabisa, nikazifunika kwa maganda ya ndizi.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Mke wangu kaniuliza mbona nalowesha sakafu.

Alhamisi, 6 Machi

Mafua. Tundu zote mbili za pua zimeziba kama zimepigwa simenti. Kichwa kizito. Lakini si hilo lililonimaliza.

Nilipita kabatini wakati wa mapumziko kuonja ushindi wangu kwa macho. Nikainua chupa ya kwanza, nikatazama chini. Hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Ya tatu, ya nne, ya tano. Kitambaa kimekuwa cha zambarau!

Dawa ya kutolea rangi ya kucha ni asetoni. Asetoni huyeyusha wino wa kalamu nene. Nilitandika kitambaa kilicholowa asetoni chini ya maandishi ya wino. Mimi. Mwalimu wa Kemia. Mada ya nini huyeyusha nini nimeifundisha wiki iliyopita, na nilimfokea msichana wa dawati la mbele kwa kuikosea.

Nikasema sawa, nitazinusa. Ethanoli inajulikana, asetoni inajulikana zaidi. Nikafungua, nikavuta hewa. Hewa haikuingia. Ungeniwekea samaki aliyeoza chini ya pua nisingejua. Kumwomba mtu aninusie ni kujianika mwenyewe.

Nikiwa nimesimama pale na chupa mkononi, nani anaingia? Fizikia. Akaziona. Akaniuliza lebo zimekwenda wapi. Nikamwambia ni unyevu. Akarudia, unyevu? Nikamwambia unyevu ni kitu kibaya sana. Akanitazama kidogo, kisha akasema ni bahati kwamba kemikali ni himaya yangu, basi niziandikie upya kabla ya Jumanne, na kwamba yeye asingethubutu kugusa. Akamwona Mkuu anapita, akamwita, akamweleza hapo hapo kwamba suala la lebo limeshughulikiwa, liko kwa Kemia.

Mkuu akatikisa kichwa kuridhika. Akasema lebo moja tu ikikosewa maabara inafungwa, maana kuna shule iliyoungua kwa kosa la aina hiyo. Kisha akasema ananitegemea.

Hajawahi kusema ananitegemea! Miaka yote nimengoja maneno hayo, yamekuja leo, juu ya chupa ambazo sizijui.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui niandikeje.

Nilikwenda maabara mchana baada ya vipindi, nimekata tamaa. Nikajiambia: huna pua, huna lebo, una nini? Nina ninachofundisha. Miaka yote nimekuwa nikiandika ubaoni kwamba molekuli zinashikana, na kwamba kila kimiminika kina namna yake ya kushikana. Kani za baina ya molekuli. Nimewaimbisha watoto mpaka wamechoka. Je, nimewahi kuziona zikifanya kazi? Nimewahi kutazama kweli? Hapana. Nilikuwa naandika, nafuta, naenda kunywa chai.

Nikaanza na iliyo rahisi. Nikainamisha kila chupa kidogo juu ya kikombe cha kioo. Moja ilitoka kivivu, kama mtu anayeamshwa Jumapili. Gliserini! Haiwezi kuwa nyingine. Kila molekuli yake ina sehemu tatu ambapo haidrojeni imeng'ang'ania oksijeni, na kila sehemu inamkamata jirani. Haziwezi kupitana bila kushikana shikana. Hiyo ni bondi ya haidrojeni, na gliserini ina za kumwaga. Nilibaki nautazama uzi ule mzito ukishuka.

Zilizobaki nne nikazidondosha juu ya sarafu, kila moja sarafu yake, tone baada ya tone. Tatu zilitambaa zikamwagika pembeni mapema. Ya nne ilikataa kumwagika. Tone juu ya tone, ikavimba, ikawa kuba juu ya sarafu, imepita ukingo na bado imesimama. Nikaongeza tone. Ikatetemeka. Haikumwagika! Nikapiga magoti ili niitazame kwa ubavu. Maji. Maji ya kawaida, ninayoogea kila siku bila salamu.

Molekuli ya maji ndiyo nyepesi kuliko zote kwenye meza ile. Ile ya heksani ina uzito karibu mara tano yake. Kwa haki ya kawaida, maji ndiyo yangekuwa ya kwanza kupeperuka, mito na bahari zingekuwa mvuke tu, na mimi nisingekuwepo kuhangaika na idara. Lakini ule udogo wote umeshikana, kila mmoja na jirani zake, unaachia na kushika tena, unaachia na kushika tena, kwa kasi isiyohesabika. Ndiyo maana kuna maji duniani. Nimeifundisha sentensi hii. Leo nimeisikia kwa mara ya kwanza.

Nikatia kila kimojawapo cha vitatu vilivyobaki kwenye bureti, lile bomba jembamba la kioo lenye koki, kikitoka kama uzi mwembamba. Nikasugua kitana kwenye nywele zangu chache, nikakisogeza. Uzi wa kwanza ukapinda kuelekea kitana. Wa pili ukapinda. Nikapiga kelele peke yangu. Ethanoli na asetoni zote zina ncha, upande mmoja chaji chanya na mwingine hasi, kwa hiyo zinaitika zikiitwa. Wa tatu ukashuka wima, haujali. Heksani. Yenyewe haina ncha, inashikana kwa kani za mtawanyiko tu, ule mvutano hafifu unaotokea elektroni zinapoegemea upande mmoja kwa nukta na kurudi. Nikahakikisha kwa maji. Ikaelea juu, ikakataa kabisa kuchanganyika, mstari baina yao umenyooka.

Sikumsikia Fizikia akiingia. Alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniomba nirudie ile ya kitana. Nikarudia. Akaomba ajaribu. Akasugua kitana kichwani kwake, zile nywele zake zilizochanwa vizuri zikasimama zote, uzi wa maji ukamfuata, naye akacheka kama mtoto. Mimi pia nikacheka. Tulichezea maji pale mpaka mikono ikakunjamana.

Kisha nikakumbuka kwamba huyu ni adui.

Nikawahi kuandika lebo tatu: gliserini, maji, heksani. Zikabaki mbili, ethanoli na asetoni. Hapo Fizikia akasema samahani, lazima afunge, mafundi wanapaka rangi mwishoni mwa wiki. Nikamwambia nitamalizia Jumatatu. Ukaguzi si Jumanne? Nina siku nzima.

Jumamosi, 8 Machi

Homa. Nimelala.

Mke wangu ananipa maji ya moto na kunitazama kwa jicho la pembeni. Anasema tangu jana nanong'ona maneno ya ajabu na kutabasamu na glasi. Nimemwonyesha jinsi maji yanavyopanda kidogo kwenye ukingo wa glasi kwa sababu yanavutwa na kioo. Alitazama. Akatazama tena. Akaniambia sogea mwanga uingie, akainama kabisa, sindano mdomoni. Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akasema uzi wake ukilowa hufanya vivyo hivyo, maji hupanda yenyewe, hajawahi kujua kwamba kuna sababu.

Nikataka kumwambia kila kitu. Nikapiga chafya badala yake.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja. Rangi ya kucha zake imebanduka nusu nusu, nyekundu hapa, tupu pale. Amekuja kuchukua dawa yake. Nikajitia hamnazo. Mke wangu akaenda bafuni, akarudi na chupa tupu, akaisimamisha mezani mbele yangu kama ushahidi.

Shemeji aliniambia mengi. Kwamba kesho ana usaili wa kazi ya mapokezi. Kwamba shemeji zake wengine wana akili. Kwamba kama nimeanza kupaka rangi kucha niseme tu, familia itanivumilia. Mke wangu aliondoka kwenda jikoni ili acheke kwa nafasi. Nimehukumiwa kuosha vyombo vya nyumba nzima.

Lakini pale kwenye karai ndipo nilipofunguliwa macho. Nikawa nasikia bado sauti ya shemeji akilalamika kwamba ile dawa ni ghali, na ukiacha kifuniko wazi inakwisha yenyewe. Inakwisha yenyewe! Bila shaka inakwisha! Asetoni ina ncha, ndiyo, lakini haidrojeni zake zote zimeshikwa na kaboni, hata moja haijashikwa na oksijeni. Haiwezi kufunga ile bondi yenye nguvu na mwenzake. Ethanoli inaweza. Kwa hiyo molekuli za ethanoli zinazuiana kuondoka, na za asetoni zinaagana mapema. Ukiweka tone la hii na tone la ile pamoja kwenye kioo kimoja, lipi litatangulia kutoweka?

Nilimkumbatia shemeji kwa mikono yenye sabuni. Amesema nipelekwe hospitali.

Kesho asubuhi, matone mawili, lebo mbili, kazi imekwisha. Hakuna atakayejua.

Jumatatu, 10 Machi

Mkaguzi kaja leo.

Leo! Mkuu anasema siku zote wakaguzi hutaja siku moja wakaja nyingine. Niliingia lango la shule nikaona gari geni. Nikakimbilia maabara. Wote walikuwa wameshafika. Mkaguzi, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba, asiyecheka. Mkuu pembeni yake. Fizikia amesimama wima na mkunjo wa pasi kwenye suruali. Na kidato cha nne wote wamekaa, kimya, maana waliambiwa maabara yao iko hatarini.

Mkaguzi alipita kila mahali. Ndoo ya mchanga, sawa. Madirisha, sawa. Akafungua kabati. Akaitoa trei. Chupa tatu zina lebo, mbili hazina. Akauliza kwa sauti ndogo sana hizi ni nini.

Hii ndiyo sekunde niliyoiota Jumanne iliyopita! Ilivyokuja, ilikuja imegeuka. Mkuu hakumtazama Fizikia. Alinitazama mimi. Alinitegemea. Nikajua maabara imefungwa, watoto hawa watafanyia mtihani wao wa mwisho ugenini, na kila mmoja wao atajua ni kwa ajili ya nani.

Ndipo Fizikia akazungumza. Akasema kwamba mwenzake wa Kemia amekusudia kuziacha hizo mbili, ili wanafunzi wazitambue wenyewe mbele ya Mkaguzi. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

Mkaguzi akanigeukia. Akasema haya, nimwonyeshe.

Nikaomba feni izimwe na madirisha yafungwe. Nikaweka kioo cheusi mezani. Tone moja kushoto, tone moja kulia, sawa kwa ukubwa. Nikawaambia watoto wasogee. Nikawauliza nini kinaishikilia molekuli isiruke. Yule msichana wa dawati la mbele niliyemfokea akajibu kwamba ni jirani zake. Nikamwuliza kwa kani gani. Akazitaja zote, za mtawanyiko ambazo kila kitu kinazo, za ncha kwa ncha, na bondi ya haidrojeni. Nikamwuliza basi lipi litaondoka mwanzo. Akasema lile lisilo na bondi ya haidrojeni, na hilo litakuwa asetoni. Sauti yake ilikuwa na hakika kuliko yangu.

Kisha tukasubiri.

Darasa zima limeinamia matone mawili. Mkaguzi kavua miwani, kaipangusa, kaivaa tena. Mkuu kasimama kwa vidole vya miguu nyuma ya watoto. Matone yalikuwa yanang'aa sawasawa, huwezi kuyatofautisha, na ndani yake vilikuwa vinashikana na kuachiana vitu ambavyo jicho la mtu halitaviona kamwe. Na sisi tulikuwa tumesimama pale tunavisubiri vituambie jina lao! Nilisahau idara. Naandika hili kwa sababu lilinishangaza. Nilisahau kabisa kwamba kuna idara.

La kulia likaanza kusinyaa. Ukingo ukarudi ndani. Likawa punje. Likawa alama. Halipo.

La kushoto lilikuwa bado limekaa, linang'aa.

Darasa lilipiga kelele kana kwamba tumefunga goli. Fizikia alipiga makofi. Mtu mmoja alikuwa analia, nikagundua ni mimi, nikasingizia mafua. Msichana wa dawati la mbele akaandika lebo zote mbili kwa mwandiko wake, akazibandika. Mkaguzi akainua ile ya asetoni, akanusa, akasema aliitambua tangu kizibo kilipofunguliwa, harufu yake haijifichi. Ila alitaka kuona kama tunajua sababu. Akasema amekagua maabara nyingi na hakuna iliyowahi kumsimamisha kungojea tone.

Imepita!

Jumanne, 11 Machi

Mkuu ametangaza mkutanoni. Mkuu wa Idara ya Sayansi ni Fizikia.

Alieleza sababu. Maabara ilipangwa vizuri. Na kiongozi, alisema, ni yule anayejua kumwachia mwenzake nafasi ya kung'ara. Walimu wakapiga makofi. Kisha akanitaja mimi, akasema hajawahi kuona somo kama lile la jana, na kwamba nitalirudia kwa kila kidato. Walimu wakapiga makofi tena, marefu zaidi. Nikainuka, nikainama, nikakaa. Sikujua nifurahi au nikasirike, nikafanya yote mawili kwa zamu mpaka jioni.

Mke wangu anasema makofi marefu ni bora kuliko idara. Shemeji alipata ile kazi, kucha zikiwa vile vile. Ametuma salamu kwa kila mtu nyumbani isipokuwa mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Fizikia alinibakiza ofisini kwake leo mchana. Akafungua droo, akatoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi, akaniwekea mezani. Lebo tano. Zina madoa ya ndizi.

Nilitamani sakafu ifunguke. Akasema alizipata siku ile ile ya unyevu, alipodondosha kofia ya kalamu yake kapuni. Nikamwuliza mbona hakumwambia Mkuu. Akasema alitaka kwenda kumwambia Ijumaa. Alipofika maabara akanikuta nimepiga magoti mbele ya sarafu, nikiongea na maji. Akasema hajawahi kumwona mtu mzima akishangaa kiasi kile, naye alikuwa amesahau kwamba kazi yetu ni hiyo. Akazirarua zile lebo vipande vipande mbele yangu, akavitia kwenye kapu. Akasema yamekwisha, ndugu yangu.

Ndugu yangu! Nilimshika mkono nikashindwa kuuachia. Huyu ni mtu. Mtu kabisa! Nilimwapia kwamba kuanzia leo, njama na mimi basi, nimetubu, nimekuwa mtu mpya. Akacheka, akasema anaamini. Na kuonyesha kwamba anaamini, akanikabidhi funguo. Za maabara nzima, si kemikali peke yake, kila kabati, pamoja na lake.

Nilizunguka nalo furushi la funguo mpaka jioni nikiwa mwepesi kama manyoya. Kwa heshima tu, nikafungua kabati la Fizikia, nione hali ya vifaa vya ndugu yangu. Amepanga vizuri mno. Kwenye rafu ya juu kuna safu ya sumaku, zote zinafanana, zimepakwa rangi nyekundu upande wa kaskazini na buluu upande wa kusini. Bila rangi ile hakuna jicho litakaloweza kutofautisha ncha zake. Somo lake la sumaku mbele ya wazazi ni Jumatano.

Rangi ni ya mafuta. Asetoni ingeitoa chapuchapu.

Nawaza tu kitaaluma. Lakini safari hii alama zangu nitaziandika kwa penseli, ambayo asetoni haiiyeyushi.